Babu Mwenye Mlango

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Babu ametumbukiza kifunguo kwenye chupa ya chai sasa hivi, kisha akajipigia makofi. Babu ni mwanangu. Ndiyo kwanza anatembea, ila amerithi jina la baba mkwe, basi nyumba nzima tunamwita hivyo. Kifunguo chenyewe kilikuwa kwenye boksi la kitasa kipya. Cha mapambo tu, naona. Chai ya moto, nani atie mkono?

Leo shemeji, fundi wa vitasa, ametangaza: dukani kwake kuna nafasi ya mtu mmoja, ya kudumu. Mimi au wifi. Mama Vitambaa wa hapo jirani anataka mlango wa stoo unaofunguliwa kwa kidole. Atakayemridhisha ndiye. Wifi kasoma mpaka juu, na hachoki kutukumbusha. Mimi shule niliiacha njiani. Lakini maelekezo yana picha! Nikipata kazi, Babu atashinda nami dukani. Sitamwacha tena kwa majirani analia. Lazima niipate.

Jumanne, tarehe 4

Mpango: kumwahi wifi. Nimetoka akiwa bado anachana nywele, Babu mgongoni. Nimefunga kitasa safi kabisa, hata skrubu haikubaki. (Imebaki moja. Ndogo.) Picha inaonyesha kidole cha kwanza ndicho mwenye mlango, hicho ndicho huruhusu vingine. Nikainama kuokota bisibisi, Babu akajinyoosha. Tiii! Taa ya kijani. Dole gumba lake liko kwenye kioo.

Mama Vitambaa akaweka chake: nyekundu. Mimi: nyekundu. Wifi akafika anahema, akajaribu vidole vyake vyote: nyekundu. Babu: kijani, mlango huo wazi!

Nikamwambia Mama Vitambaa ndiyo huduma yetu mpya. Mwizi ataiba ufunguo, kidole cha mtoto atakiibaje? Akasema mbona wazo zuri. Wifi akaninong'oneza kama nina homa.

Jumatano, tarehe 5

Wapagazi wa Mama Vitambaa wamepanga foleni mlangoni pa stoo. Shikamoo Babu, shikamoo Babu. Babu kanuna. Mmoja, pande la mtu, amelia kama mbuzi mpaka Babu akacheka na kubonyeza. Shemeji kapita, kauliza huyo ana nini. Nikasema ni furaha ya kazi.

Ili kidole kifutwe au kingine kiongezwe, mwenye mlango abonyeze kioo na kutulia mpaka taa izime. Kutulia! Huyu hata tumboni hakutulia. Mpango mpya: afutwe akiwa amelala.

Alhamisi, tarehe 6

Babu kalala, dole gumba mdomoni. Limelowa chepechepe, kitasa hakilitaki. Nikalipaka shubiri asilinyonye. Akili hiyo! Akaamka, akaonja, akapiga yowe, akajipangusia kwenye kioo cha kitasa. Nyekundu. Hata Babu nyekundu! Ndani kuna kitambaa cha bibi harusi. Nje kuna bibi harusi, mama yake, na shangazi zake wote, wenye sauti.

Shemeji kaja mbio. Uko wapi ufunguo wa dharura, kale kadogo ka kwenye boksi? Nikasema boksi gani. Wifi alikuwa anajimiminia chai kutoka chupa yangu. Kling! Kikombeni. Na mimi nilishakisahau, chupa ikigongagonga nilidhani ni sukari haijayeyuka.

Wifi akauinua juu kama kombe. Nafasi kapewa yeye, hapo hapo. Nikalia kidogo. Babu akanifuta machozi kwa lile dole la shubiri. Nikalia zaidi.

Ijumaa, tarehe 7

Maajabu! Shemeji amesafisha kioo, Babu karudi kijani, na Mama Vitambaa amekataa kata kata kidole cha Babu kufutwa. Tangu Babu ashike mlango hakuna mpagazi aliyechelewa. Shemeji kakuna kichwa. Kasema haya, kesho kuna mlango wa mwoka mikate. Nikiufunga bila vituko, atatafuta nafasi ya pili. Sharti: Babu asiukaribie.

Jumamosi, tarehe 8

Kwa mwoka mikate. Wiki hii nimejifunza mengi! Babu nimekuja naye, ningemwacha wapi? Lakini nimemvika soksi mikononi. Shemeji hakuliwaza hilo! Nimempa na boksi la kitasa achezee. Ametulia tuli, malaika wangu, pale karibu na chupa ya chai. Soksi moja hii hapa miguuni pangu. Ya pili siio— Shemeji ananiita, anauliza kwa nini mwoka mikate yuko nje na mlango unamwonyesha nyekundu. Na chupa ya chai imelia kling!