Vieille Hortense, Chupa Mbili kwa Kila Mtu

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Mpiga chapa wa Saint-Gilles, mtaani kwetu huku Ubelgiji, ni mnyang'anyi. Nimemwambia hivyo usoni. Amecheka! Amesema asipopata euro mia sita za kwanza kufikia tarehe kumi na tisa, mashine yake haiwashwi, na kitabu changu kitabaki kwenye bahasha nilimokileta.

Miaka kumi na moja nimekiandika. Sura kumi na mbili. Jina: *Dhidi ya Walanguzi*. Hakuna kilichowahi kuwavua nguo hivi wale wanaonunua jiwe la kobalti kwa mchimbaji wa kwetu Kolwezi kwa bei ya mkate, kisha wakaliuza Ulaya kwa bei ya nyumba. Na mia sita tu zinauzuia ukweli! Viviane, mke wangu, ameuliza kama nimewahi kufikiria kuandika kifupi zaidi.

Asubuhi nilikuwa maktaba ya komuni, yaani ya manispaa, ninakorudisha vitabu rafuni siku nne kwa wiki. Jarida limeachwa mezani. Habari za bia. Iko bia inayoitwa Vieille Hortense: chachu, miaka mitatu ndani ya pipa la mbao, kiwanda kidogo cha familia upande wa Lennik. Huuzwa siku moja tu kwa mwaka, palepale mlangoni, euro kumi na tisa. Wiki ikipita, mtandaoni: mia moja!

Nimesoma mara mbili. Nimekaa chini. Siku yenyewe ni keshokutwa.

Tuelewane. Kobalti ni jasho la watu. Hii ni bia ya matajiri wanaotunza chupa kama wengine wanavyotunza vipepeo. Kuchukua pesa kwao ili kuchapa ukweli si ulanguzi. Ni marejesho.

Ijumaa, 8 Novemba

Mteja amepatikana! Bibi Inès wa Uccle, mkusanyaji. Anataka kreti nzima, chupa kumi na mbili, mia moja kila chupa. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Kizuizi: kiwanda kinauza chupa mbili tu kwa kila mtu. Nahitaji miili. Nani ana miili? Kwaya ya parokia yetu.

Nimekwenda Matonge, mtaa wa watu wa kwetu, kwenye mazoezi yao. Nimeahidi kila mtu euro kumi na mkate wenye sardini. Chupa nitalipia mimi. Wamekubali sita. Wa kwanza ni Maman Mbombo, kiongozi wa sauti ya pili, anayetunza wagonjwa kule Jette na kuwaogopesha hata madaktari. Viviane pia, kwa kununa. Na Rigobert. Lazima niseme juu ya Rigobert. Ana duka la sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa chumvi, anaimba sauti ya nne kama ng'ombe, na mwaka jana nilimwandikia kurasa nne kitabuni kwa sababu alipandisha sombe kwa euro mbili. Leo ameuliza mbele ya wote chupa zitauzwa bei gani. Nimemjibu kwamba hilo ni jambo la kitaalamu.

Jumamosi, 9 Novemba

Basi la asubuhi kutoka kituo cha Gare du Midi. Baridi ya kukata masikio. Mstari wa watu mia mbili kando ya shamba la viazi, wote wana ndevu, na sisi saba.

Saa nne mwenye kiwanda amepanda juu ya kreti. Mzee mdogo, sweta ya sufu iliyotoboka kiwikoni. Amesema bia hii aliitengeneza inywewe na marafiki mezani, na anayeinunua ili kuiuza asirudi tena. Damu imenichemka! Mbelgiji ananihubiria juu ya bei! Babu yangu alipasua shaba Likasi kwa bei iliyoandikwa na nani? Nilikuwa tayari kumjibu kwa hoja nane. Viviane amenikanyaga mguu.

Lakini jambo moja linanisumbua, na nitaliandika hapa mahali ambapo Rigobert hasomi. Mzee yule anajua bei ya mtandaoni. Angeweza kuuza mia moja yeye mwenyewe. Hakuna anayemzuia. Kwa nini kumi na tisa?

Karani wa mauzo alianza kututazama kwa jicho baya, watu saba wenye nia moja. Nikatoa amri ya kijanja: kila mtu abebe chupa zake mbili, aondoke peke yake, aende nazo nyumbani kama hanijui. Nitazikusanya Jumatatu. Rigobert amesema kutonijua ni kazi ambayo angeifanya bure.

Wakati tunasubiri, mwenye ndevu nyekundu alimnong'oneza Maman Mbombo, naye akacheka sana. Bila shaka aliulizia kilemba chake.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa, ukumbi wa parokia. Nimesoma sura ya tatu na ya tisa kwa sauti. Kwa kawaida watu hutoka wakati wa sura ya kwanza. Leo hakuna aliyekohoa! Nilipofika pale pasemapo kwamba mchimbaji asiachie jiwe kabla ya kujua bei yake ya mwisho, kwamba wachimbaji waweke mawe yao depo moja, ghala la wote, na wamtafute mnunuzi wao wenyewe, nimeona macho yaking'aa. Maman Mbombo alikuwa anaandika kwenye daftari. Anaandika! Rigobert aliomba nirudie habari ya depo, polepole.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu wa miaka thelathini. Neno linafanya kazi.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu. Nimekwenda Jette na kigari cha sokoni kukusanya chupa, nikianza kwa Maman Mbombo. Ameniketisha. Amenipa chai na mikate ya mafuta. Nimeuliza chupa. Amefungua daftari.

Amesema, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba yule mwenye ndevu nyekundu alimtajia euro sitini palepale kwenye mstari, kwa chupa moja, kabla hata hajainunua. Akajiuliza: kama sitini ni bei ya kwenye matope, bei ya mezani ni ngapi? Akanyamaza mpaka Jumapili, apate mafundisho kwanza.

"Papa Kabamba, bon, weye njo ulisema: muntu asiachilie jiwe mbele ya kujua bei."

Nimesema nilikuwa nazungumzia mawe. Amesema yeye pia.

Chupa zote kumi na mbili ziko Matonge, kwenye duka la Rigobert, nyuma ya magunia ya mchele. Wanapaita depo. Viviane amepeleka zake jana jioni! Mke wangu! Nimemuuliza kwa nini. Amesema alisimama kwa muda wa saa tatu kwenye baridi, na mkate haukuwa na sardini ya kutosha.

Nimebaki na zangu mbili.

Jumatano, 13 Novemba

Mkutano dukani, kati ya samaki wa chumvi na vipodozi. Wao sita wamesimama, mimi nimepewa kreti ya kukalia.

Nimeanza kwa busara. Nimeeleza kwamba kazi ya katikati si rahisi: hatari ni yangu, usafiri ni wangu, mteja nilimtafuta mimi. Nikaongeza euro ishirini kwa kila mtu. Nikaichukua chupa moja, nikaitazama kwenye mwanga, nikasema kizibo kina unyevu na bei itashuka.

Maman Mbombo amelamba kidole, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya misa: sura ya tatu, mlanguzi atakuambia kwanza kwamba jiwe lako lina unyevu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Rigobert mwenyewe alitazama pembeni, akaanza kupanga makopo ya nyanya yaliyokuwa yamepangwa.

Nimerudi kwa miguu mpaka Saint-Gilles. Sentensi ile niliiandika mwaka 2016. Niliichukua mdomoni mwa mtu halisi, mnunuzi wa Kolwezi aliyekuwa na mizani na kofia ya majani. Nilimchukia miaka minane. Na leo nimeisema vilevile, hata ule mkono wa kuinua kitu kwenye mwanga. Hakuna aliyenifundisha. Ilikuja yenyewe, pamoja na kreti ya kukalia.

Baada ya kufikiri sana: tofauti ni kwamba yeye alidanganya. Kizibo kina unyevu kweli kidogo.

Jumamosi, 16 Novemba

Saa nane, mkahawa karibu na Gare du Midi. Mpango: kumpa Inès zangu mbili, kumwambia zilizobaki zimechelewa, kumshusha Maman Mbombo bei kwa kumchosha. Nimekaa na chupa zangu ndani ya soksi za sufu. Saa nane na nusu. Saa tisa. Simu! Bibi Inès ananishukuru. Amesema wenzangu ni watu wa heshima, wamempa kreti nzima na mikate ya mafuta, na mama yule mrefu amemkatalia punguzo kwa namna ambayo hataisahau.

Nani aliwapa namba? Viviane. Imebandikwa kwenye friji kwa mwandiko wangu.

Nimekimbilia Matonge nikiwa na maneno mazito tayari. Nimefungua mlango. Wameketi wote kwenye duara, muziki chini chini. Wamenitazama. Kisha wametazama mikono yangu.

Nilisahau chupa mikononi! Na kwetu mtu haingii mahali watu wameketi, na bia mkononi, halafu akatoka nayo. Haijawahi kutokea Likasi, haitatokea hapa. Rigobert ameshaleta glasi. Euro mia mbili zimefunguliwa kwa funguo za duka.

Glasi ya kwanza: siki. Viviane amekunja uso kama amelamba betri. Rigobert ameapa kwamba imeharibika na mzungu ametuibia. Glasi ya pili watu wamenyamaza. Ya tatu, Maman Mbombo amesema taratibu kwamba kuna kitu nyuma, kama embe bichi lenye chumvi, kama utotoni. Ni kweli. Nimekaa nayo mdomoni. Miaka mitatu mtu anasubiri hiyo, halafu anaitoa kwa kumi na tisa, ili watu saba wanyamaze pamoja.

Kisha hesabu. Wamenirudishia gharama yangu yote ya chupa zao. Halafu kila mmoja amebaki na mia moja na kuweka kilichozidi juu ya meza. Jumla pamoja na nilizorudishiwa mimi: mia sita kamili. Ni kwa ajili ya kitabu. Rigobert amesema kitabu kimemlipa zaidi ya sombe, kwa hiyo kichapwe, hata zile kurasa nne zake.

Sharti moja tu, la Maman Mbombo: bei ni euro kumi, kwa kila mtu, na iandikwe kwenye jalada isibadilike.

Nimegeukia magunia ya mchele kufuta macho. Nimesingizia chachu.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekaa mezani kuandika sura ya kumi na tatu. Kichwa: Mlanguzi Aliyekalia Kreti. Nimeandika sentensi ya kwanza. Ilikuwa ya kweli. Nimeifuta.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemlipa mnyang'anyi. Mashine inawaka!

Nimefikiri sana juu ya mzee wa Lennik, na sasa nimeelewa somo lake. Vitabu mia tatu nilivyokusudia ni vingi mno. Kitu kinachopatikana hakitafutwi. Nimeagiza mia moja, kila nakala na nambari yake, sahihi yangu kwa wino. Vitauzwa siku moja, mlangoni mwa parokia, nakala mbili kwa kila mtu. Sitini nitavihifadhi chini ya kitanda, mahali pakavu, mpaka dunia ivihitaji. Viviane hajui.

Na neno la kwaya nimelitimiza. Bei imechapwa kwenye jalada, kubwa, nyekundu, euro kumi, isibadilike kamwe.

Nimechagua lile jalada la juu, la karatasi, linalovuliwa.