Chupa Ishirini Kwenye Friza

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Daktari mkuu wa maabara katangaza: Ijumaa panya wanachomwa chanjo ya kichocho. Miaka minne ya kazi! Chupa ishirini kanikabidhi mimi, mtunza friji. Ishirini nyingine kampa Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, yule wa kalamu za rangi tatu. Eti ajali ikitokea, zisipotee zote.
Miwani kaziweka kwenye friji. Zangu nimezitia friza. Baridi zaidi, usalama zaidi. Ijumaa tutajua nani fundi.

Jumanne, tarehe 4
Kikaoni Daktari kaeleza kwa nini chanjo ni nyeupe: ndani mna unga wa kuamsha kinga, bila huo mwili haushtuki. Akaongeza, kama anayekumbuka jambo dogo, kwamba ikiganda hata mara moja, chanjo imekufa.
Miwani akaandika kwa nyekundu. Mimi nikaomba kwenda msalani.

Jumatano, tarehe 5
Jana nilizihamishia friji kimyakimya; leo zimeyeyuka. Unga umeshikana, umetuama chini kama chenga za mchele. Nikitikisa, maziwa. Nikipumzika, chenga. Bega linawaka moto. Mpango: Ijumaa nisimame karibu na trei, nitikise kisirisiri.
Kisha kaka wa mke wangu akapiga simu. Mkulima wa mpunga, anashinda majini, kichocho kimemrudia mara ya tatu. Akauliza taratibu, "Shemeji, hiyo chanjo yenu itatuwahi kweli?"
Nikamwambia mtandao unakatika. Haukukatika. Panya wakichomwa chanjo mfu, majibu yatasema haifai, na itatupwa.

Ijumaa, tarehe 7
Daktari hakuchoma mtu wala panya. Alipanga chupa zote arobaini kwenye trei mezani, akazitikisa, akaketi. Nusu saa nzima! Sikujua kuna kipimo cha kukaa tu na kutazama. Nilinyoosha mkono kwenye trei. Akaniomba niuweke mfukoni.
Za Miwani zikabaki nyeupe. Zangu zikaanza kutuama, moja baada ya nyingine, kama mashahidi wanaoingia mahakamani.
"Mzee wangu," akasema, sauti ile ile ya kila siku, "hizi zililala wapi?"
Kidole kikanyooka chenyewe kuelekea friza. Miwani hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Wameanza na nusu ya panya, kwa chupa za Miwani. Friji nimenyang'anywa. Nimepewa vizimba: chakula, maji, basi. Nisiguse kingine chochote.

Jumamosi, tarehe 8
Nimempigia shemeji, nikamwambia kazi inakwenda. Nusu yake ni kweli. Akashukuru mpaka nikaona aibu.
Nimewachunguza panya kwa makini. Wamejikunyata pamoja kwenye kona. Baridi hiyo! Daktari hajaona, Miwani hajaandika. Hita ya ofisini nimeshaificha nyuma ya vizimba, nimeifungulia mpaka mwisho. Joto zaidi, usalama zaidi. Jumatatu watanishukuru.