Wimbo wa Kushindwa

Jumatatu, 3 Machi

Timu yetu ya mpira wa magongo imeingia fainali ya kaunti, wasichana wa chini ya miaka kumi na sita! Hakuna anayejua imeingiaje. Siku ya nusu fainali gari la wapinzani lilikwama kwenye matope karibu na Ahero, nasi tukapewa ushindi tukiwa tumekaa kwenye nyasi tukitafuna miwa. Jumamosi tunacheza na Akademi ya Mawimbi ya kule Milimani, Kisumu. Mawimbi wana kocha. Wana basi. Wana magongo ambayo hayajafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Sisi tuna Winny, kipa, ambaye pia ndiye ninayekaa naye dawati moja.

Lakini habari kubwa zaidi ni filimbi. Kiongozi wa mashabiki amehamia Nakuru, na Mwalimu Nasambu wa michezo anatafuta mwingine. Kiongozi huvaa filimbi shingoni. Hukaa kiti cha mbele katika kila safari. Akiipuliza, hata wavulana wakubwa hunyamaza. Watu husema mimi ni msichana mpole, na ni kweli. Ndiyo maana naihitaji.

Tunaoitaka ni wawili: mimi Aloo na Sheryl. Mwalimu ameamua kwamba mmoja atatunga wimbo wa kushinda na mwingine wa kushindwa. Yule ambaye wimbo wake utaimbwa baada ya mechi ndiye atakayeivaa. Sheryl alirusha mkono juu kabla Mwalimu hajamaliza, akachukua wa kushinda. Nikainamisha kichwa nikasema polepole kwamba haidhuru, mimi nitabaki na wa kushindwa. Mwalimu akaliambia darasa zima litazame unyenyekevu ulivyo.

Unyenyekevu! Shule yetu haijawahi kushinda kitu, hata shindano la usafi wa vyoo. Filimbi ni yangu.

Jumatano, 5 Machi

Wimbo umekamilika. Niliutunga wakati wa Hisabati, nikimwimbia Winny sikioni. Unakwenda taratibu, kama wa kanisani:

Poleni, poleni, dada zetu poleni,
Futeni machozi, mlicheza vizuri,
Leo si mwisho wa dunia, poleni.

Nimewafundisha mashabiki wote wakati wa mapumziko, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Osama, ambaye ana sauti kubwa kuliko sisi wote, aliuimba hadi msalani. Sheryl hajamfundisha mtu wimbo wake. Nilipomuuliza kwa upole, alicheka. “Aloo, kwani nani atauimba? Na Mawimbi hao?” Basi mbona aliuchukua? Nadhani alitaka tu kuwa wa kwanza kuchagua.

Shida imetokea jioni. Winny ameniomba niwe nikimrushia mipira nyuma ya kinu cha unga, afanye mazoezi. Nikikataa, mimi ni rafiki mbaya. Nikikubali, anaweza kuwa hodari, na hiyo ni hatari. Nikapata njia: nitamrushia vibaya. Basi nikarusha juu, nikarusha chini, nikarusha nyuma ya mgongo wake, mmoja ukaingia kwenye ua wa michongoma. Winny alijitupa huku na huku kama kuku anayefukuzwa. Alirudi nyumbani magoti yakitoka damu, na akanishukuru sana.

Sikujua nitazame wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Dani yangu, bibi Dorca ninayeishi naye, ambaye huuza nyanya sokoni Katito, ameamua kuiombea timu. Aliniuliza tumwombe Mungu nini hasa. Nikasema mapenzi yake yatimizwe. Dani akafumbua jicho moja. Akasema hiyo ni sala ya mgonjwa, sisi tunataka magoli. Akaomba magoli. Nikasema amina kwa mdomo, na moyoni nikasema subiri kwanza.

Sijui Mungu alichukua ipi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa bado sielewi.

Tulikwenda Kisumu kwa lori la mchanga la Mzee Ondiek, maana basi la shule halipo. Mechi ikaanza. Mawimbi walipiga, wakapiga, wakapiga tena. Winny akaokoa yote. Kila mpira uliokuja upande wa ajabu, aliufuata kama aliyekwisha kuuona mahali fulani. Nilijua ni wapi.

Kipindi cha pili Khadijah, mdogo kuliko wote, alikosea kupiga. Mpira ukabingirika polepole kama nyanya iliyoanguka kutoka mezani kwa Dani, ukapita katikati ya miguu ya watu, ukaingia golini. Moja bila. Hakuna aliyeshangilia. Osama aliniuliza kama hilo linakubalika.

Mwishoni kabisa Mawimbi wakapata penalti. Nilifumba macho nikaomba iingie. Nadhani niliomba hivyo. Kisha nikafumbua, na Winny yuko hewani, mgongo ukiuelekea mlingoti, kama alipoufuata ule mpira wa michongoma, na mpira umegonga pedi yake ukatoka nje! Mtu akapiga ukelele mkali hadi refa akageuka. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimemkumbatia Sheryl. Sheryl!

Tukawa mabingwa. Wote wakamgeukia Sheryl. Sheryl akapanua mdomo, akaimba “Tumeshinda!”, halafu akaishia hapo. Hakuwa na mstari wa pili. Furaha imewajaa watu hadi kooni na haina pa kutokea! Ndipo Osama, nyuma kabisa, akaanza wimbo pekee tunaoujua.

Poleni, poleni, dada zetu poleni.

Tukauimba wote, sauti tatu, tukikanyaga ardhi na kulia. Haujawahi kuimbwa vizuri hivyo. Nikakumbuka: filimbi! Kisha nikaona waliosimama mbele yetu. Wasichana wa Mawimbi, wote, wanatokwa na machozi, nasi tunawaimbia usoni wayafute. Tunawatukana!

Mwalimu wao, mama mrefu mwenye miwani, akavuka uwanja moja kwa moja kuja kwetu, uso mzito. Akauliza nani ametunga wimbo ule.

Nilinyoosha kidole haraka. “Ni Sheryl, madam.”

Sheryl alishangaa hata hakukataa. Mama yule akamchukua kando. Nikashusha pumzi. Filimbi itasubiri, kwanza mtu aokoke.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikumaliza.

Winny alikuwa ameteguka kifundo cha mguu katika ile penalti. Tukamlaza katikati ya lori juu ya magunia, na kwa sababu ya upepo Mwalimu Nasambu akamfunika leso hadi kichwani. Akalala usingizi. Wavulana wakafunga matawi kila pembe ya lori. Mzee Ondiek akawasha taa, ingawa jua lilikuwa bado juu, akisema mabingwa hawasafirishwi kama mchanga. Akaendesha polepole kwa heshima. Nasi tukaimba. Wimbo ni ule ule, hatuna mwingine.

Huku kwetu lori lenye matawi, taa zimewaka mchana, huwa na mambo mawili tu: mgombea wa siasa au maiti. Watu hutofautisha kwa wimbo.

Tulipoingia Katito soko lote lilisimama. Mwuza nyama Waswa akavua kofia. Wanawake wakaweka mikono kichwani. Tukawapungia kwa furaha, na hapo ndipo kilio kilipoanza hasa. Dani aliziacha nyanya zake akakimbia kando ya lori akipaza sauti, “Mayo! Ni mtoto wa nani? Ni mtoto wa nani?” Nikamwita, “Dani, tumeshinda!” Akaniambia nyamaza, mwenzako amelala pale. Nikasema ndiyo, amelala! Akalia zaidi.

Tulifika shuleni na umati mzima nyuma yetu. Kelele zikamwamsha Winny. Akaketi katikati ya matawi, leso kichwani, kikombe cha ubingwa mkononi, akauliza nani amekufa.

Wa kwanza kukimbia ni Waswa, na Waswa ni mtu mkubwa. Dani alinikumbatia, kisha akanifinya.

Lakini mtu alikuwa ameona kwamba kipa hayumo miongoni mwa waimbaji, na viti vilikuwa vimekwisha kupelekwa kwa kina Winny, na sufuria za chai ziko motoni. Watu wakishaketi huku kwetu hawainuki bila kula. Mama yake Winny alikuwa akicheka, akimshika Winny uso, akilia tena. Waswa akawaeleza wote kwamba hakukimbia, alikwenda kuleta nyama. Na kweli aliileta.

Jumatatu, 10 Machi

Gwaride la asubuhi. Mwalimu mkuu akasema amepigiwa simu na mwalimu wa Mawimbi kuhusu wimbo. Nikajificha nyuma ya Osama.

Akasema mama yule hajawahi, katika kazi yake yote, kuona washindi wakisimama kuwafariji walioshindwa kabla ya kujishangilia wenyewe. Alipovuka uwanja alikuwa anajizuia kulia. Wasichana wake wanaomba wafundishwe wimbo huo. Heshima ya namna hiyo, akasema Mwalimu mkuu, imetoka kwa mtoto mmoja mwenye moyo wa pekee.

Sheryl akapita mbele. Akavishwa filimbi.

Mwalimu Nasambu na mashabiki wakageuka kunitazama, nami nikawaonyesha Sheryl kwa kidole kama Jumamosi, nikapiga makofi. Winny alitaka kuinua mkono aseme ukweli, nikamvuta sweta. Angesema nini? Kwamba ni wangu, ila nilimpa mwingine nilipodhani unanuka?

Wakati wa chakula Sheryl alikuja akanikatia nusu ya chapati yake. Akainama akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama wimbo una ubeti wa pili.

Jumanne, 11 Machi

Tumaini! Tunakwenda mashindano ya kanda, na Mwalimu Nasambu anataka msaidizi wa kiongozi. Msaidizi hana filimbi, lakini huishika kiongozi akinywa maji. Mpango ni ule ule, nyimbo mbili. Mwenye wimbo utakaoimbwa atabaki na filimbi mwaka mzima, na mwingine atakuwa msaidizi. Sheryl akasema safari hii Aloo achague kwanza.

Katito nzima inasema tutashinda tena. Hapo ndipo watu hukosea. Timu kama yetu hushinda mara moja katika maisha, tena kwa bahati ya nyanya. Nimefikiri kwa makini usiku na asubuhi. Nimechukua wa kushindwa.

Sheryl akachukua wa kushinda, akaanza papo hapo kutafuta mstari wa pili.

Mguu wa Winny unapona. Anataka nianze tena kumrushia mipira wiki ijayo, anasema hakuna anayerusha kama mimi. Nitakwenda. Nitamrushia vibaya kuliko mara ya kwanza, vibaya kabisa, asije akazoea kushinda.