Korosho Kwenye Jiriwa

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu, Mama Watoto, amehamia kwenye kochi la sebuleni. Siku ya tatu hii. Anasema chumbani anawaka kama aliyemeza jiko. Anajipepea kwa daftari langu la vipimo. Nimejitia sijali, lakini nimeumia. Kitanda nilikitengeneza mwenyewe miaka ishirini na sita iliyopita. Sikujua ni kikubwa hivyo.

Shemeji, mdogo wake, ambaye ni muuguzi, alipita mchana. Amesema ni homoni, umri umefika, si ugonjwa. Ale vizuri, apunguze sukari, korosho na mbegu si mbaya. Akaendelea na habari za hewa na dirisha, sikumsikiliza, maana wazo lilikuwa limeshanijia. Kitindamlo cha korosho! Kabla ya Jumapili atakuwa amerudi chumbani.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua korosho, lozi, ufuta na tende. Nimevificha karakanani, kwenye boksi la misumari. Mama Watoto ameuliza tena lini nitafungua dirisha la chumbani, lile nililolipigilia misumari wakati wa baridi mwaka juzi. Nimemjibu nina shughuli muhimu zaidi, tena kwa faida yake. Hajui kinachokuja, maskini.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mchanganyiko haushikani, unamomonyoka. Mpishi wa shule, aliyeleta benchi la kutengenezwa, amesema niongeze tende kisha niweke kwenye friji. Anifundishe mimi kuunganisha vitu? Nimeubana katikati ya mbao mbili, nikakaza jiriwa, kile chuma changu cha kubania mbao, mpaka mafuta yakachuruzika. Nimeuacha humo.

Alhamisi, 7 Machi
Umeshikana. Umeshikana mno. Kisu kimepinda, nikachukua msumeno. Vipande sita, pembe zote sawasawa. Kingo nimezipiga msasa kidogo.

Nimemwandalia kwenye sahani ya wageni. Akauma, akashika shavu. Kisha akacheka mpaka machozi, nami nusura nilie, maana nilikuwa nimeukosa mno ule mcheko. Akanishika mkono, akasema asante kwa kuhangaika. Akaniomba kitu kimoja tu: dirisha. Nikamwambia wiki ijayo. Akautoa mkono.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi kutoka kazini nikamkuta shemeji amesimama juu ya kitanda changu, na koleo langu, anang'oa misumari yangu. Bila hodi wala samahani. Dirisha sasa liko wazi, na kabari inayolizuia lisijifunge ni kipande cha kitindamlo changu. Shemeji amesema nyumba nzima hakuna ubao mgumu kama huo. Nimeipokea kama sifa.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi! Mama Watoto amerudi chumbani, siku ya pili sasa. Analala fofofo. Leo ameniletea chai mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda tukapiga soga kama zamani. Nimefurahi kupita kiasi. Na hapo kitindamlo amekiuma mara moja tu, tena kwa upande mmoja wa meno! Nilipomweleza shemeji jinsi korosho zilivyotuliza homoni, alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. Wivu wa kitaalamu.

Ila chumba sasa kina ubaridi. Nimepiga chafya mara nne. Mama Watoto ametoka kwenda sokoni, na nyundo ninayo hapa. Ile kabari nimeshaichomoa na kuifuta vumbi. Jioni nitamwekea sahanini, iwe dozi ya pili.