Jeti Zinazochechemea

Jumatatu, 16 Juni
Natetea tasnifu Ijumaa. Nafasi ya pili, na ya mwisho. Mama anatoka Mpwapwa kuja kunisikiliza. Amekwisha kutangaza kanisani. Nikifeli tena, kwetu sirudi.

Kazi yenyewe: huko Ulaya wanagonganisha viini vya madini ya risasi. Vinayeyuka na kuwa plazima, supu yenye joto kupita jua. Huwezi kuichota. Ila hutoka jeti mbili za chembe, nguvu sawa, kila moja na upande wake. Zikipita ndani ya supu, nazipima. Basi nazo! Moja nzima, mwenzake hoi. Maelfu hivyo. Chombo kibovu, hakuna lingine. Naushad, ninayekaa naye ofisi moja, kaziacha zake vilevile. Maskini. Nitampita mbali.

Jumatano, 18 Juni
Nimefuta kila jozi isiyolingana. Grafu imenyooka, raha tupu! Dk. Zipora, msimamizi wangu, alitaka kuiona. Nikasema kompyuta imeharibika. Ataiona ukumbini, ashangae.

Alhamisi, 19 Juni
Mama kafika ofisini na kuku wawili. Nikamweleza kazi. Akasema ukifungulia mbuzi wawili, mmoja akarudi anachechemea, humfukuzi zizini. Unamtazama kwato ujue alikopita. Nilicheka. Mama na mbuzi wake! Naushad hakucheka. Alimwomba arudie, huku akiandika.

Ijumaa, 20 Juni
Naushad alitangulia. Alisema jeti dhaifu ndiyo shahidi: nguvu yake imebaki ndani ya supu, na upungufu huo ndio unaotuambia supu ikoje. Akamtaja mbuzi. Akamshukuru Mama Anyesi kwa jina. Makofi! Mama alisimama kuyapokea.

Zamu yangu. Dk. Zipora aliuliza jeti dhaifu ziko wapi. Nikasema nimezifuta. Akasema basi, kwa takwimu zangu, supu haipo. Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa akitazama viatu vyake. Iliniuma mno.

Wamenipa wiki moja ya masahihisho. Nadhani ni kwa ajili ya Mama.

Jumamosi, 21 Juni
Nimemsindikiza Mama stendi. Hakunilaumu. Aliniomba tu nihesabu zizi zima. Nikaahidi. Basi lilipoondoka, nililia.

Nimerudi ofisini moja kwa moja. Sasa nimeelewa! Nimefuta jeti zote nzima. Zimebaki zinazochechemea tupu. Hiyo supu safari hii wataikuta imejaa hadi mlangoni. Naushad na aje aone.