Ardhi ya Ndoo Moja

Jumatatu, 3 Machi
Dada Nanjala amepiga simu kutoka Webuye. Jenereta ni yake, mimi aliniazima tu. Amesema, Lenox, usipopata mteja wa kudumu wa kuikodi wiki hii, Jumapili nakuja kuichukua iendeshe kinu cha unga. Jenereta yangu isage mahindi! Haiwezekani.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwona Jacklyne, mwenyekiti wa saluni za Kenyatta Market. Stima huwapotelea kila mara. Atatujaribu Jumamosi, mimi na Muigai wa Ngara, mpinzani wangu wa jenereta, yule anayejiita injinia kwa sababu ana ovaroli. Sharti ni moja: jenereta iwe na waya wa kwenda ardhini. Nikauliza wa nini. Akasema stima ikipotea njia itafute udongo, isitafute mtu, maana wateja wake huja kusukwa, si kukaangwa.

Nikatazama chini. Saruji tupu. Ardhi yenyewe iko wapi?

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Ardhi isipofikika, ibebwe. Ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi ya ukuta, udongo mwekundu, waya ndani. Muigai kwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa nachimba udongo nyuma ya chumba changu hapa Kangemi, landlord Mbugua akanifuma. Akasema ninanyakua ardhi. Nikamwambia ni ndoo moja tu, mzee. Akasema wote huanzanga hivyo. Aliita majirani waje waone mpaka wa ploti yake. Nikamwachia jembe, nikatoroka na ndoo.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya.

Muigai alifika mapema, akaenda nyuma ya choo cha soko kugongelea fimbo ya shaba kwenye matope, kisha akavuta waya mrefu hadi saluni. Nilimhurumia. Jasho lote lile! Mimi nilitua ndoo yangu kando ya jenereta, nikazamisha waya, nikaumwagilia udongo maji kidogo kama mtu aliyepanda sukuma. Nikawasha. Draya zote zikaunguruma.

Jacklyne akauliza kama ni salama kweli. Swali la dharau. Nikavua viatu, nikasimama kwenye maji ya kuoshea nywele, nikaishika jenereta kwa mikono miwili.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilitetemeka, nikapiga mayowe kwa Kibukusu. Wateja wakakimbia na vichwa vilivyosukwa nusu. Muigai akarukia swichi, akazima. Wivu! Aliona nakaribia kushinda.

Kazi amepewa yeye. Jacklyne alinipa chai yenye sukari nyingi, akaniambia nishukuru Mungu. Nilishukuru kwa shingo upande.

Jumapili, 9 Machi
Nanjala amekuja na pikapu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliangalia viganja vyangu, akanipaka mafuta, akapakia jenereta. Niliwasindikiza, yeye na jenereta, hadi barabara kuu ya Waiyaki Way. Nilitaka kulia, lakini watu walikuwa wanatoka kanisani.

Ndoo ameikataa. Amesema Webuye wana udongo.

Nimeiweka mbele yangu, nikafikiri mchana kutwa. Nairobi imejaa jenereta, na kila moja inahitaji ardhi. Nani anawakodishia wenye nazo ardhi hiyo? Hakuna! Kesho asubuhi nabeba ndoo hadi Ngara. Nitaanza na Muigai. Maskini yule bado anahangaika na ardhi ya soko, hana hata kijiko cha yake mwenyewe.