Pawasaplai Iliyokataa Kufa

Duluth, Minnesota
9 Februari

Ndugu Mhariri wa jarida la Umeme Mtulivu,

Salamu kwa heshima. Mimi ni mjane wa Arvid Heikkila, aliyewapimia pawasaplai, vile visanduku vya kuipa kompyuta umeme, miaka kumi na tisa katika chumba chetu cha chini, kando ya mashine ya kufulia. Ninaishtaki moja ya hizo.

Arvid aliipa alama mbili kwa kumi. Mkachapa maneno yake: "Umeme wake unatetemeka milivolti 146, na kikomo ni 120. Haitaiona Krismasi." Kisha akaifunga kwenye kompyuta yangu, nikadhani anataka kuiona ikifa. Krismasi kumi na moja zimepita. Aliyekufa ni Arvid, Oktoba. Yenyewe inanguruma tu.

Malalamiko yangu:

1. Haina adabu. Kila asubuhi nikiiwasha, inamfanya marehemu mwongo.

2. Jirani yetu Verlyn akija kunywa kahawa huchungulia chini ya meza. "Shemeji, mgonjwa wetu vipi? Bado hajasoma jarida?" Hucheka mpaka kahawa inamtoka puani. Sitaki jina la Arvid liwe kichekesho cha mtaa.

3. Nimeisaidia ife. Nimeitwika mzigo wa taa sita za gari, zile zile alizotumia Arvid kupimia. Nimeifunika boksi la viatu vya theluji ipate joto, kama alivyofanya yeye, na juu nikaweka kofia yake ya sufu. Ikapuliza hewa vuguvugu. Paka amehamia humo, amezaa wanne. Sasa siwezi kuiua bila kuvunja nyumba ya mtu.

4. Kwa hiyo naomba mtume wapimaji watatu, waandike cheti cha kifo chenye tarehe ya Krismasi ile ya kwanza, na kompyuta yangu ihesabiwe kuwa ilizimika siku hiyo. Barua pepe zote nilizotuma tangu hapo niko tayari kuzikana, hata ile ya mapishi ya pai ya rubabu, ule mmea mchachu, niliyompa mkeo.

Wasalimie wapimaji wote, mkeo, na yule binti wa mapokezi aliyeleta maua msibani.

Wako mwenye huzuni na paka watano,
Lorna Heikkila

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilifungua daftari la Arvid nipate ushahidi. Ameandika, wiki moja baada ya nyinyi kuchapa: "Kosa langu. Waya wa ardhi wa kalamu ya kupimia ulikuwa mrefu mno, ukadaka kelele za mashine ya Lorna ya kufulia. Kwa waya mfupi: milivolti 19. Imetulia kama ziwa lililoganda la Januari. Bora kuliko zote nilizopima, hii ni ya Lorna. Nimwandikie mhariri. Lorna anaita, pai imeiva."

Pai ile ilimsahaulisha. Tafadhali chapeni sahihisho, alama tisa, kwa jina lake. Wapimaji wasije. Verlyn nitamwambia mwenyewe, akishajaza kahawa mdomoni.